Pikapu ya shamba imenizidi nguvu, ninunue gari gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Mbagala na nina shamba la mihogo na machungwa Mkuranga. Kwa miaka mingi nimeendesha pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1992, ya dizeli, ambayo usukani wake hauna pawa na klachi yake ni nzito. Sasa nina miaka 63 na goti la kushoto linanisumbua, kiasi kwamba nikikutwa na foleni ya Kongowe nafika nyumbani nikichechemea. Mzigo wangu wa kawaida ni magunia sita au saba ya mihogo, na kipande cha mwisho cha njia ya shambani ni mchanga ambao masika hugeuka tope. Mwanangu ananishauri kirikuu, jirani yangu anasema Canter. Nataka gari nitakaloliendesha mwenyewe. — Mama Mkulima, Mbagala

JIBU: Shikamoo mama. Kwa maelezo yako vinavyokuchosha ni viwili, klachi na usukani, kwa hiyo gari utakalonunua lipimwe kwanza kwa hivyo, kisha kwa uzito wa mzigo, na jina lake lije mwisho kabisa. Kabla hujatoa fedha, mwombe fundi aikague hiyo Hilux, kwa sababu klachi huzidi kuwa nzito inapochakaa, na usukani hukaza matairi yakipungua upepo au viungo vya mbele vikikosa grisi. Matengenezo hayo yatakupa nafuu ya muda na bei nzuri zaidi siku ya kuiuza. Hata hivyo pedali ya kushoto itabaki pale pale, na goti lako linahitaji gari la otomatiki lenye pawa ya usukani.

Mwanao hakukosea kabisa. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na wenzake wa injini ya cc 660, ni jepesi kuliendesha, hugeuka hata uchochoroni, na spea zake zinapatikana kwa urahisi hapa Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba watengenezaji wake wamelipangia mzigo wa kilo 350. Gunia la mihogo mibichi likiwa na kilo 100 tu, achilia mbali lumbesa, magunia saba ni mara mbili ya kiwango hicho. Ni kweli kwamba kila siku tunayaona yamepakiwa hadi yanainua pua, lakini breki na springi ndizo zinazolipa gharama, na mwenye kushika usukani wa gari la namna hiyo kwenye mteremko hana raha yoyote.

Canter la jirani litabeba mzigo wako na nafasi ibaki. Kwa safari zako ni kubwa kupita mahitaji, na mengi yaliyopo sokoni ni ya gia za mkono. Hapa niseme jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: baadhi ya malori madogo yasiyo na pedali ya klachi, kama Isuzu Elf yenye mfumo wa Smoother au Fuso Canter yenye Duonic, bado yana klachi ndani, ila hukandamizwa na mitambo inayoongozwa na kompyuta. Mfumo huo ukiwa mzima ni starehe. Ukiharibika unahitaji fundi mwenye mashine ya kuusoma, na fundi huyo hutampata kando ya barabara ya Kilwa gunia zikiwa mgongoni.

Mimi ningekuelekeza kwenye Toyota Townace au Liteace ya pikapu, toleo lililoanza mwaka 2008, lenye injini ya petroli ya lita 1.5. Hubeba kati ya kilo 750 na 800, lina pawa ya usukani, na yapo ya otomatiki. Dereva hukaa juu ya magurudumu ya mbele, hivyo pua ni fupi na unaona vizuri unaporudi nyuma sokoni. Kasoro yake ni kwamba unapanda kuingia badala ya kukaa moja kwa moja, kwa hiyo panda na ushuke mara kadhaa kabla ya kukubaliana bei, na usimruhusu mtu akuharakishe. Kwa ajili ya mchanga wako tafuta lenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, maana la magurudumu mawili likiwa tupu huwa jepesi nyuma na tairi huchimba tu. Hilux mpya zaidi ya otomatiki nayo ingekufaa, ila bei yake iko juu, ile ya 4x4 imeinuka sana kwa goti lako, na injini zake za dizeli za kisasa hazivumilii mafuta machafu kama hiyo yako ya zamani.

Ukipata gari, inama chini uangalie chesisi, kwa sababu magari yaliyotoka mikoa ya theluji nchini Japani hupitishwa kwenye barabara zilizomwagwa chumvi na hula kutu kuanzia chini. Mafuta ya gia boksi yakiwa meusi au yakinuka kuungua, achana nalo. Kanyaga breki, hamisha gia kutoka P (ya kuegesha) kwenda R (ya kurudi nyuma) na kisha D (ya kwenda mbele). Likishtuka kwa kishindo, hiyo ni gharama inayokusubiri. Kumbuka pia kwamba gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, hivyo betri iwe nzima kabla ya kwenda shambani.

Ukiagiza kutoka Japani, piga hesabu ya kodi mapema kwenye kikokotoo cha TRA, kwani umri wa gari hubadilisha kiasi cha kulipa. Ukinunua la hapa mjini, hakikisha namba ya chesisi inalingana na kadi, faini za barabarani zimelipwa, na mwombe muuzaji mwende pamoja hadi kwenye ule mchanga wa Mkuranga, wewe ukiwa kwenye usukani na magunia yakiwa nyuma.