Asali, dagaa, michikichi: nani atanunua kitini chako?

Barua nyingi safari hii zinatoka kwa watu wa Tabora na Kigoma wanaotaka kuuza wanachokijua kwa njia ya simu: vitini vya PDF, masomo ya sauti, makundi ya kulipia. Nimechagua hizi.

Shikamoo mama. Nafuga nyuki huku Sikonge. Naandika kitabu cha kuuza kwa WhatsApp, kuanzia kuchonga mzinga hadi soko la nje. Nimefika ukurasa wa tisini na bado sijamaliza. Nifupishe?

Marahaba. Usifupishe, kivunje. Anayetaka ufugaji wa nyuki wote tangu mwanzo anacho Chuo cha Ufugaji Nyuki hapo Tabora, na mara nyingi huyo hana hata mzinga mmoja. Mwandikie mwenye mizinga tayari porini, ambaye mnunuzi amemrudishia ndoo kwa sababu asali inatoa povu. Huyo hasara ameshaiona, huna haja ya kumbembeleza.

Mpe jambo moja tu: kwa nini asali inachacha na msimu ujao afanyeje. Hapo una mengi ya kusema. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakitaki maji yazidi asilimia 20 kwenye asali, na ikizidi hapo kuchacha ni rahisi. Mweleze avune masega yaliyokwisha kufunikwa nta, yaliyo wazi awaachie nyuki. Asivune kwenye mvua. Ndoo iwe kavu kabisa na ifunikwe papo hapo, maana asali hufyonza unyevu wa hewani. Kisha piga picha mchana, sega lililofunikwa na lililo wazi yakiwa pamoja, ili mtu asimame mbele ya mzinga wake na simu mkononi afananishe. Kurasa kumi na mbili zinatosha. Kuchonga mzinga ni kitini kingine. Soko la nje nalo ni kingine, na hicho usikiguse mpaka uwe umesafirisha mzigo wako mwenyewe.

Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma, miaka mingi. Kijana wangu anasema niuze maarifa mtandaoni, lakini hapa mwaloni, wanaposhushia samaki, kila mtu anajua ninachokijua. Nani atanilipa?

Hapo mwaloni, hakuna. Mteja wako yuko Dodoma au Morogoro. Anatuma hela Kigoma kwa mtu asiyemfahamu, anasubiri gunia, akilifungua anakuta mchanga. Hajui kutofautisha dagaa waliokaushwa kwenye kichanja na waliotandazwa chini. Hajui kwamba mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa kama siku za giza, mzigo unapungua na bei inapanda, kwa hiyo anaagiza wiki mbaya kuliko zote. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mfanyabiashara wa mbali anataka mtu wa kumwambia mapema mambo kama hayo, ajue aweke akiba lini.

Mama, hapo una bidhaa mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ni kitini cha kudumu: kutambua dagaa wazuri, kufunga gunia, na maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutuma hela. Ya pili ni bei ya mwaloni, kwenye kundi la kulipia kila mwezi. Bei ni habari ya asubuhi, jioni haina mnunuzi. Kama huwezi kuituma kila siku, usilianzishe kundi hilo, watu watakudai hela yao na watakuwa na haki. Na kwa kuwa wewe mwenyewe unauza dagaa, liseme hilo ukurasa wa kwanza. Wasije wakaligundua wenyewe.

Kitini nikiuze shilingi ngapi? Rafiki yangu anasema 1,000 ili wanunue wengi.

Hao wengi wako wapi? Wenye shida hiyo moja ni wachache, ndiyo maana umewachagua. Angalia hasara unayomwondolea mtu: aliyekataliwa ndoo nzima ya asali hashtushwi na 5,000. Anza hapo, na wakinunua bila kuuliza bei mara mbili, panda. Chukua lipa namba, fahamu makato yake. Na ukitumiwa picha ya ujumbe wa muamala, usitume faili mpaka uone salio lako mwenyewe limeongezeka. Ujumbe wa kughushi ni mwingi.

Lazima niwe na tovuti?

Hapana. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, na brodikasti inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Basi kila anayekuuliza swali, mwombe kwanza akuhifadhi. Tovuti itakuja ukishachoka kujibu maswali yaleyale.

Nikimuuzia mmoja wa Urambo, kesho kitini kiko kwenye makundi yote ya Tabora. Nizuie vipi?

Huwezi kuzuia kabisa. Andika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia, jina tu, namba ya simu usiiweke. Watu huona aibu kusambaza kitu chenye jina lao. Walionunua wapewe toleo jipya bure kila msimu na nafasi ya kukuuliza, vitu ambavyo faili la kuibwa halina. Akitokea anayekiuza kama chake, hiyo ni kesi nyingine: kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wa kuwaendea.

Niko Kasulu. Nimekusanya makala za michikichi mitandaoni, nikazipanga vizuri. Naweza kuziuza?

Maneno ya watu, hapana. Ukweli wenyewe hauna mwenyewe, lakini ukiuuza uwe umeuhakiki. Nakupa mfano. Makala nyingi zinasifia tenera, mchikichi chotara wa aina mbili nyingine, dura na pisifera, mwenye nyama nene na kokwa lenye ganda jembamba. Ni kweli. Ila mkulima akiokota mbegu chini ya tenera wake na kuipanda, haimpi tenera watupu: baadhi watarudi dura, na baadhi watakuwa pisifera, ambao wengi wao hawazai. Miaka inapita kabla hajajua amekosea, na kitini chako ndicho kilichomwacha aokote.

Hilo pekee ni somo la kuuza, likiandikwa na mtu aliyefika. Nenda TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, uliza miche inapatikana vipi, tembelea shamba la mtu aliyeokota mbegu na la aliyenunua miche, pasua matunda, piga picha za kokwa. Makala ulizokusanya zibaki kwenye simu yako.