Picha za watu na punda wao wa kazi

Umeuliza kwa nini picha zako za watu na punda wao wa kazi hazina uhai, kila mtu amesimama wima kama anapigwa ya pasipoti. Nadhani unawasimamisha kazi. Waache waendelee: kufunga hatamu, kusugua mgongo, kukagua kwato. Hapo mkono wa mtu na shingo ya mnyama hukutana bila kuagizwa, na ndiyo picha yenyewe. Inama hadi usawa wa macho ya punda, ulenge fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Flashi izime. Usisimame nyuma yake kabisa. Hapo hakuoni, anaweza kukupiga teke. Ukikuta kidonda cha matandiko, zungumza na mwenye punda kabla ya kukipiga picha.