Kuba Nyeusi, Anga Jeupe

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kuba ilikuwa ishara ya nini katika picha za mwanzo za majengo ya ibada. Wengi watajibu kwamba ni ishara ya mbingu, na kwa upande wa wajenzi nakubaliana nao. Kwa upande wa wapiga picha, naamini ishara hiyo ilitokana pia na mahali walipolazimika kusimama na dawa walizotumia.

Tuitazame Kuba ya Mwamba, jengo la ibada la Waislamu lililopo Jerusalem. Mpiga picha Mfaransa Joseph-Philibert Girault de Prangey alipofika huko mwaka 1844 na mabamba yake ya kupigia picha, ya shaba iliyopakwa fedha, na hata mwenzake Auguste Salzmann alipokuja na karatasi zake za kupigia picha mwaka 1854, wasio Waislamu kwa kawaida hawakuruhusiwa kuingia katika Haram, eneo takatifu lenye ukuta linaloizunguka kuba hiyo. Mtu aliyezuiwa na ukuta huona kile tu kinachoupita kimo. Ndiyo maana kutoka mbali kuba husimama peke yake, kama alama ya mahali asipoweza kufika. Mpiga picha Mwingereza Francis Bedford, aliyefuatana na mrithi wa kiti cha ufalme cha Uingereza mwaka 1862, aliipiga picha akiwa ndani ya eneo hilo, na hapo kuba inarudi kuwa sehemu ya jengo lenye pande nane na milango.

Jambo la pili ni rangi. Dhahabu tunayoijua leo haikuwapo. Wakati ule kuba ilifunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi yaliyofifia. Dawa za picha nazo zilihisi zaidi mwanga wa buluu, hivyo anga likatoka jeupe kabisa bila wingu, na vigae vya buluu vya kutani vikapauka, huku kuba ikibaki nzito na nyeusi juu yake. Ukimya ule ambao watazamaji wa Ulaya waliuona kuwa utakatifu, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kemia.

Mwaka 1861 Muhammad Sadiq, afisa wa jeshi la Misri, alipiga picha Madina. Kuba iliyo juu ya kaburi la Mtume, ambayo ilikwisha kupakwa rangi ya kijani, imetoka humo ya kijivu kama mawe yanayoizunguka. Lakini Mwislamu aliyefundishwa tangu chuo cha Kurani kumsalia Mtume huitazama picha hiyo akaiona kijani.