Kupogoa Chai Bila Kuifungulia Kuvu Mlango

Mvua ya mawe ikishapita hapa Kericho, mazungumzo yote kwenye kituo cha kupimia majani huwa ni kilo zilizopotea. Hasara hiyo inauma, lakini majani huchipua tena. Mimi hufunua mashina nikainama kutazama matawi ya chini, kama gome limepasuka. Vimbegu vya kuvu viko hewani wakati wote, havionekani kwa macho, na vinachotafuta ni jeraha tu.

Ninayoihofia zaidi ni kuvu ya kuozesha mbao, ambayo wataalamu huiita Hypoxylon. Haina haraka. Tawi moja linanyauka huku mengine yakiendelea kutoa majani mazuri, na mwenye shamba anadhani ni kiangazi. Lichunguze tawi hilo kwa karibu: utaona mabaka ya kijivu yanayogeuka meusi, yameinuka kidogo, mithili ya lami iliyomwagika ikakauka. Ukishayaona, kupuliza dawa hakutakusaidia. Kata tawi ukishuka chini, ukiangalia rangi ya mbao kila unapokata, mpaka ufikie mbao safi isiyo na doa, hata kama ni karibu kabisa na udongo. Vipande vilivyougua vitoe shambani uvichome.

Lakini majeraha mengi tunayatia wenyewe siku ya kupogoa, kila miaka 3 au 4. Mimi hupogoa katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, kwa sababu jua kali likipiga matawi yaliyobaki uchi, gome huungua na kupasuka. Kisu kiwe kikali kweli, na mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame juu yake. Panga butu huchana tawi badala ya kulikata. Kisha matawi mazima uliyoyaondoa yatandaze juu ya mashina yawe kivuli. Najua kuni ni shida, na wengi huyabeba yote siku hiyo hiyo. Tafadhali yaacheni hadi machipukizi yatoke. Hata yakioza, yanarutubisha udongo huo huo.

Visiki navyo visisahaulike. Ukikata mti shambani, ng'oa na mizizi yake, maana Armillaria, kuvu ya kuozesha mizizi, hutua kwenye kisiki kibichi, kisha hupita ardhini hadi kwenye mizizi ya chai.

Tuna bahati moja kubwa ambayo wenzetu wa Asia hawana. Kule kuna kuvu ya malengelenge, Exobasidium vexans, iliyojulikana Assam tangu 1868 na kufika kusini mwa India na Sri Lanka mwaka 1946. Hushambulia majani machanga, yaani yale yale mawili na chipukizi tunayochuma sisi, na vimbegu vyake hupeperushwa na upepo. Msimu wa mvua wanalazimika kupuliza dawa za shaba tena na tena. Afrika ugonjwa huo haupo, na ndiyo maana tunachuma chai bila kupuliza dawa za kuvu.

Kwa hiyo ndugu yako akirudi kutoka huko na vipandikizi vya chai mkobani, usivipande, hata akisema ni aina bora kuliko zote. Miche chukua kwenye vitalu vinavyotambulika hapa nyumbani. Na siku utakayoona lengelenge jeupe kwenye jani changa, usilichume ukawatembezee majirani. Weka alama kwenye shina, piga picha, umwite afisa wa kilimo siku hiyo hiyo.