Kitovu cha nyumba janja hakionekani kwenye simu
Umesema taa ya kitovu (kifaa kinachounganisha taa na vihisi vya nyumba na programu ya simu) inawaka, simu iko kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ila programu haikioni. Kichomeke kwanza kwenye ruta kwa kebo, kisha fungua orodha ya vifaa ndani ya ruta. Kisipokuwemo, au kikiwa na anwani ya mtandao (IP) inayoanza na 169.254, ruta haijakipa anwani: zima vyote viwili, washa ruta, subiri dakika 2, ndipo uwashe kitovu. Kikiwa na anwani kama 192.168.1.20, shuku simu. Mara nyingi iko kwenye mtandao wa wageni, ambao hutenga vifaa visionane, au VPN (huduma inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye seva ya mbali) imewashwa. Ukichomoa kebo na kukirudisha kitovu kwenye Wi-Fi, kumbuka vitovu vingi hushika Wi-Fi ya masafa ya GHz 2.4 tu. Tafadhali usikirudishe hali ya kiwandani mapema; utalazimika kuunganisha upya kila taa na kihisi.