Maswali na Majibu: Okunoshima, Kisiwa cha Sungura na Sumu

Nafikaje huko, na siku moja inatosha?

Kisiwa kiko Japani, mkoani Hiroshima, upande wa mji wa Takehara. Panda treni hadi stesheni ya Tadanoumi, tembea kidogo hadi bandarini, kisha feri ya dakika 15 hivi. Mzunguko wake ni kama kilomita 4 tu, kwa hiyo siku moja yatosha. Ila hoteli ipo, na anayelala huko huwakuta sungura alfajiri na jioni, wakiwa wachangamfu. Mchana wa kiangazi wengi hujilalia vivulini.

Ni kweli hao ni kizazi cha sungura waliojaribiwa sumu?

Inasimuliwa sana, lakini ushahidi hauiungi mkono. Kuanzia 1929 hadi 1945 jeshi la Japani liliendesha hapo kiwanda cha siri cha gesi ya sumu, na kweli sungura walitumika kupima makali yake. Wale inaelezwa waliuawa vita vilipokwisha. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba hawa wa leo wanatokana na sungura 8 walioachiliwa na shule moja mwaka 1971.

Wanangu wanataka sungura tu. Tuyapite makumbusho?

Msiyapite, tena anzeni nayo, maana baada ya sungura hamtampata mtu wa kuingia ndani. Ni jengo dogo lililofunguliwa 1988: mavazi ya kujikinga, vyombo vya kauri vya kutengenezea sumu, picha za walioumia. Kiwanda kilitoa zaidi ya tani 6,000 za gesi, ikiwemo ya haradali, inayobabua ngozi na kuharibu mapafu. Nyingine ilitumika China, ilhali Japani ilikwisha kutia saini Itifaki ya Geneva ya 1925 iliyokataza silaha hizo. Kuiridhia ilingoja hadi 1970. Siri ilikuwa nzito kiasi kwamba kisiwa kiliondolewa kwenye ramani. Wafanyakazi wake, wanafunzi wakiwemo, waliugua vifua miaka na miaka. Watoto wadogo sana wabaki nje na mzazi mmoja. Picha nyingine si za kuwaonyesha.

Niwabebee sungura chakula gani?

Kabichi, karoti, au chakula chao maalumu, na ununue kabla ya kuvuka. Mkate na biskuti hapana. Usiwalishe barabarani, wasije wakagongwa. Mabaki rudi nayo, kwani huita kunguru na nguruwe mwitu. Na usiwapakate, hata wakikupandia mapajani wenyewe: mifupa yao ni myepesi, akifurukuta na kuanguka huvunjika.

Naweza kuingia kwenye magofu?

Yatazame ukiwa nje ya uzio. Gofu la kituo cha umeme na maghala ya sumu yenye kuta zilizoungua moto huonekana vizuri ukiwa njiani.

Na mbwa wangu je?

Mwache nyumbani. Mbwa na paka hawaruhusiwi kisiwani.