Ukiumia goti, rudi kwa mlango wa uani

Goti langu la kulia lilialika kama kijiti kikavu, Jumapili jioni, seti ya pili. Nilikuwa nafukuza mpira ambao hata kijana wa miaka 20 angeuacha uende zake. Uwanja wetu wa tenisi, wa sementi, huku Mwanza upande wa Capri Point, una ufa karibu na wavu na sote tunaujua. Nikaukanyaga.

Wewe uliyeumia na unahesabu siku, nakusihi usirudi pale ulipoishia. Mimi nilifanya hivyo. Wiki ya saba, maumivu yametulia kidogo, nikamwita hasimu wangu wa kila Jumapili tukapiga seti tatu. Kesho yake nikashindwa kushuka kwenye daladala pale Kirumba. Konda akanishika mkono: "Taratibu, mzee." Nina miaka 43. Neno hilo liliniuma kuliko goti.

Nikalala na chupa ya maji yaliyoganda juu ya goti, nikawa namsoma Andy Murray, Mskoti aliyechukua kombe la tenisi la Wimbledon 2013 na 2016. Januari 2019 alilia mbele ya waandishi wa habari Melbourne kwa maumivu ya nyonga, watu wakamuaga kabisa. Mwezi huohuo akapasuliwa, nyonga ikawekwa chuma. Wengi husimulia hicho chuma. Mimi kilichonishika ni ratiba yake. Juni alirudi kwenye mashindano ya Queen's, London, mchezo wa wawili wawili, akishirikiana na Feliciano López, wakabeba kombe. Ukicheza wawili, nusu ya mbio ni za mwenzako. Agosti akashuka hadi mashindano ya Challenger kule Mallorca, ngazi ya chini ya ile aliyoizoea, akafungwa na Matteo Viola. Bingwa wa Wimbledon! Hakuona haya. Oktoba akatwaa taji la Antwerp, fainali akimfunga Stan Wawrinka, ambaye naye alishapasuliwa goti.

Basi nikamuiga, kwa kiwango changu cha Mwanza. Kwanza fiziotherapia, na mazoezi ya misuli ya paja ambayo awali nilikuwa nayaruka kwa sababu yanachosha akili (unanyanyua mguu, unashusha, unanyanyua, jirani anakuchungulia dirishani). Halafu ndoo ya mipira kuukuu, naanzisha tu nikiwa nimesimama, mwezi mzima, bila kukimbilia chochote. Kisha nikaomba nafasi kwa wazee wa asubuhi, wale wanaocheza wawili wawili kabla upepo wa ziwani haujaamka na kuanza kuhamisha mipira. Mmoja ana miaka 67. Alinifunga wiki tatu mfululizo, na kila mara ananisalimia "Mwangaluka" kwa sauti ya mtu anayejua atakachonifanya.

Murray aliendelea mpaka Olimpiki ya Paris 2024. Januari 2023, Melbourne kwa mara nyingine, alimtoa Thanasi Kokkinakis baada ya saa 5 na dakika 45, mechi ikaisha saa kumi alfajiri. Lakini mechi yake ya mwisho kabisa, Paris, alicheza upande mmoja na Dan Evans. Wawili wawili tena.

Jumamosi iliyopita mpira ulianguka kulekule kwenye ufa. Mwenzangu akapiga kelele, "Wako huo!" Nikauangalia ukidunda mara ya pili.

"Wa kwao," nikamjibu, nikarudi kwenye mstari kupokea.